Sifa za Kujiunga, Sifa za Kuhitimu

Wiki yangu ya kwanza masijala niligonga muhuri wa NAKALA HALISI juu ya shahada yenyewe. Siyo juu ya kivuli chake, juu ya shahada, ile karatasi ngumu yenye nembo ya dhahabu ambayo kijana wa watu aliisafirisha kutoka Songea ndani ya Biblia ya mama yake ili isikunjike. Nilipewa vitu viwili, cheti na kivuli chake, na muhuri mmoja. Nikavigonga vyote, tena kwa nguvu, maana nilitaka mkubwa wangu asikie jinsi ninavyochapa kazi. Akasikia. Mzee Haule, karani mkuu, aliinuka polepole, akaitazama ile shahada, akanitazama na mimi.

"Mama Kapinga, hongera," akasema. "Mwenzio kaitafuta miaka yote hiyo, wewe umeigeuza kivuli mara moja tu."

Ikabidi kijana aandikiwe barua ya maelezo, yenye saini ya mkuu wa chuo, kwamba hicho kilichoandikwa nakala siyo nakala. Nasikia ameibeba barua hiyo kila alikoomba kazi, na kila alikofika wameisoma na kucheka. Mimi sikucheka. Nilijifungia stoo nikahesabu chaki mpaka jioni.

Nawaandikia nyie mliobaki masijala, mnaokalia kiti changu chenye mguu uliofungwa waya. Mmenifanyia sherehe nzuri ya kuniaga, mkanipa blanketi na jagi la maji ya moto, mkasema niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Haya. Msitegemee mengi ya kujisifu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la tatu, lile la mwishomwisho ambalo ukilitaja lazima uongeze "lakini nilifaulu." Na kwa daraja hilohilo nilikaa dirishani nikawaambia wenye shahada zao kwamba hawana sifa. Mungu ana utani.

Mtu wa safari sikuwa. Chuo kilitaka kunipeleka Dar es Salaam kwenye mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, nikasema kuku wangu wameatamia. Mwaka uliofuata wakaniita tena, kuku wakawa wameatamia tena. Mzee Haule aliandika kwenye faili langu kwamba nina mradi mkubwa wa kuku. Nilikuwa nao watatu.

Chuo chetu kilifunguliwa miaka ile ya ruksa, watu binafsi na mashirika ya dini waliporuhusiwa kufungua vyuo kama wengine walivyoruhusiwa kufungua maduka ya mitumba. Kozi iliyonipa kazi ni ile ya mwaka mmoja ya wahitimu wa vyuo vikuu. Mtu anayo shahada yake ya kitu kingine, anakuja kwetu kusomea ualimu, anatoka na stashahada ya uzamili. Sifa za kujiunga nilizipiga taipu mara nyingi hadi nikawa naweza kuziimba kama litania kanisani: shahada ya kwanza ya chuo kinachotambulika, masomo mawili ndani ya shahada hiyo yanayofundishwa sekondari, vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, picha ndogo zisizo na kofia. Nikifika hapo hukaribia kusema utuombee.

Hizo ni za kuingia. Za kutoka zilikuwa kufaulu mitihani ya nadharia, kisha kwenda kufundisha shuleni muhula mmoja na kuonwa darasani na mkufunzi wa chuo, ukiwa na wanafunzi mbele yako na andalio la somo mezani. Hili la mwisho halikuwa na mbadala. Ungeweza kurudia mtihani, ungeweza kuomba muda wa kuandika insha, lakini usipoonwa darasani huhitimu.

Mzee Haule alinifundisha kazi kwa kunisema. Taipureta yetu ilikuwa na herufi moja iliyokwama, ilibidi uisukume na kidole cha pili, na ukikosea kwenye stensili unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapuliza, unasubiri tena. "Usipulize kama unapuliza uji," alikuwa akiniambia. Vyeti alikuwa havisomi kwanza. Anamkaribisha mwombaji, anamuuliza habari za nyumbani, kisha anauliza, kama mtu asiye na haraka, "Pale shuleni kwenu, bwalo la chakula lilikuwa upande gani wa mabweni?" Mwenye cheti cha kweli huanza kulalamika habari za maharage yenye wadudu. Mwenye cheti cha kununua hutazama dari. Miaka hiyo vyeti vya kununua vilikuwa vingi, na dari yetu ilitazamwa sana. Jaribuni na nyie, kompyuta haina macho ya namna hiyo.

Waombaji walikuwa wengi kwa sababu kazi zilikuwa zimekwisha. Zamani ukimaliza chuo kikuu serikali inakupangia kituo. Halafu likaja neno kupunguzwa. Mashirika yakafungwa, chama cha ushirika kikadhoofu, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na mizani zao na magari yao, na watu wenye shahada wakarudi nyumbani na masanduku. Upande wa pili, wazazi na maparokia walikuwa wanajenga sekondari kila kona na hazina walimu. Kwa hiyo wote waliopunguzwa wakagundua kwamba tangu utotoni walitaka kuwa walimu. Alikuja mwenye shahada ya misitu, akaja wa benki, akaja mwanasheria mmoja na tai yake. Mzee Haule akamuuliza masomo yake mawili ya kufundishia ni yapi.

"Naweza kufundisha chochote," yule akajibu.

"Chochote hakimo kwenye muhtasari wa sekondari," Mzee Haule akasema, akamrudishia bahasha.

Mwaka uliofuata Mzee Haule alistaafu, dirisha likabaki langu. Na ndipo alipokuja Benedikti Kumburu.

Kumburu alikuwa mtu wa Mpepai, mtoto wa shangazi yake mume wangu, kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji, na shemeji wa aina ile isiyo na breki. Alikuwa na shahada ya kilimo. Alikuwa bwana shamba wa chama cha ushirika, amezunguka milima yote ya Umatengo akiwaeleza watu habari za kutu ya majani ya kahawa, mpaka chama kilipompa mkono wa kwaheri. Alikuwa na watoto wanne, wa kwanza yuko sekondari. Umri ulikuwa umemtangulia kidogo, nywele za pembeni zimeanza kubadilika.

"Shikamoo shemeji," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kuposa."

"Unamposa nani hapa?"

"Chuo. Mwambie baba yake nina shahada moja, mke mmoja, na kahawa iliyozeeka. Akikataa nitakaa hapahapa mlangoni, utanipikia."

Wenzangu walicheka. Nikachukua vyeti vyake, nikavitenganisha na vivuli kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuungua, nikaona tatizo papo hapo. Somo la kwanza, baiolojia, lilikuwepo la kutosha. La pili halikuonekana. Alikuwa na kemia, lakini kemia ya udongo.

Kamati ya taaluma ilikaa juu ya jambo hilo asubuhi nzima. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Mratibu wa kozi, mtu makini aliyetoka kaskazini, mwenye shati lililonyooshwa hata siku ya vumbi, alisema shahada ile haina somo la pili. Mkufunzi wa sayansi akasema udongo unatengenezwa na nini kama siyo kemia. Mwingine akasema kwa hesabu hiyo hata mke wake ana kemia, kwani anapika. Mwishowe wakakubaliana apewe jaribio la kemia ya sekondari. Akalifanya, akafaulu vizuri.

"Miaka yote nawaeleza wakulima kwa nini shamba limechoka," akaniambia siku ile, "leo ndiyo nathibitishwa kwamba nilikuwa najua. Wewe shemeji, hebu nipe hiyo barua ya kukubaliwa, uniangalie ninavyoibusu."

Na kweli aliibusu. Alama ya mdomo ilibaki kwenye muhuri, maana wino ulikuwa haujakauka.

Nilimwona mwaka ule wote akipita na madaftari chini ya kwapa, mzee katikati ya vijana. Walimwita Babu. Alikuwa anapitia dirishani kwangu kila mara kunitania kuhusu ugali wangu, kuku wangu, na unene wangu. Nadharia alifaulu yote. Likabaki lile la kuonwa darasani.

Mazoezi ya kufundisha alipangiwa Ngumbo, ziwani, kwenye sekondari ndogo ya wazazi iliyokuwa na madarasa mawili na haijawahi kuwa na mwalimu wa sayansi. Siku hizo huko kote kulikuwa wilaya ya Mbinga. Sasa hapa niwaambie jambo kuhusu sisi wa milimani. Ukisimama ukingoni mwa milima siku isiyo na ukungu, ziwa unaliona lote, limelala pale chini kama shuka. Kwa sababu tunaliona, tunadhani ni jirani. Kamati iliwapangia walio milimani safari tatu za mkufunzi, na wa ziwani safari moja, wakaona ni sawa, kwani ni hapo chini tu, ikishindikana mtu atashuka tena kesho yake. Mimi niliipiga taipu ratiba hiyo bila kujiuliza, mimi ambaye mpaka leo sijaloweka mguu kwenye maji ya Nyasa. Ukweli ni kwamba unashuka makona kwa gari mpaka Mbamba Bay, halafu unatafuta boti ya kufuata ufukwe, na boti ina ratiba yake na ziwa lina ya kwake.

Mratibu alikwenda mwenyewe. Aliporudi alikuja moja kwa moja masijala akakaa, viatu vyake vimejaa mchanga mweupe. Sikuwahi kumwona amekaa masijala.

"Mama Kapinga," akasema, "ndugu yako sikumkuta darasani."

Akanisimulia. Siku ile aliyofika, baba wa mwanafunzi mmoja wa pale alikuwa ameopolewa ziwani. Alizama siku mbili nyuma, asubuhi hiyo ndiyo mwili umepatikana, na mwili wa mtu aliyezama hausubiri. Kijijini hapo mtu akiwa hajazikwa hakuna anayesukuma mtumbwi, hakuna anayeinua jembe la shambani, na kengele ya shule haigongwi. Mkuu wa shule alimwambia Kumburu waziwazi, "Mwalimu, mkaguzi wako anakuja leo, najua. Ukitaka, kagonge. Lakini ukigonga, usigonge tena kesho, maana hutapata mtu." Kumburu akalivua shati jeupe alilokuwa amelivaa kwa ajili ya kukaguliwa, akaenda na wenzake makaburini.

Kuchimba kaburi kule ni kazi ngumu. Ni mchanga. Unatoa beleshi moja, linarudi beleshi moja na nusu. Vijana walikuwa wamechimba tangu alfajiri na shimo linajifukia. Kumburu akawaambia wakate matete. Sisi Wamatengo tunalima ngolo, yale mashimo ya mlimani ambapo unalaza nyasi kwa miraba kisha unazifunika udongo ili mvua isiondoke na shamba, kwa hiyo mikono yake ilijua namna ya kuuzuia udongo. Akafunga matete mafungumafungu, akayapanga kwenye kuta za shimo, akayakandamiza kwa udongo mzito uliobebwa kwenye ndoo kutoka mtoni, na shimo likasimama. Mratibu alimkuta humo ndani, mchanga umefika kiunoni.

"Wanafunzi wake walikuwa pale?" nikamuuliza.

"Wote. Mmoja akamuuliza kwa nini mchanga unaanguka na udongo wa mto hauanguki. Akamweleza hukohuko shimoni, habari za chembe, na maji, na hewa katikati ya chembe. Alieleza vizuri, mama. Lakini nitaandika nini? Ubao haukuwepo. Andalio la somo halikuwepo. Wanafunzi wamesimama na mabeleshi, na maiti iko nyumbani inasubiri."

"Ungelala huko mpaka kesho."

"Wanaomboleza siku tatu. Boti ilikuwa inarudi jioni, na gari linangojewa huku kwenda shule nyingine."

Kamati ikakaa tena. Kwa haki yake, Mratibu ndiye aliyemtetea. Aliomba yeye mwenyewe arudishwe Ngumbo akamwone Kumburu darasani kabla muhula haujaisha. Mhasibu akasema mafuta hakuna. Mwenyekiti akasema alama lazima ziende kwa watahini wiki hiyohiyo, na fomu ya kukagua somo ina nafasi ya utangulizi wa somo, matumizi ya zana, na usafi wa ubao, haina nafasi ya kaburi. Mkufunzi wa sayansi akauliza, je, tukiandika kwamba zana ilikuwa beleshi? Watu wakacheka kidogo, halafu hakuna aliyeendelea kucheka. Nikajikuta nimeinua mkono, mimi mwandishi, ambaye kazi yangu ni kuandika na kunyamaza.

"Ndugu mwenyekiti, msibani kengele haigongwi. Kila mtu hapa anajua."

"Tunajua, Mama Kapinga," akajibu. "Andika."

Nikaandika. Mkutano uliofuata, wakati wa kuthibitisha kumbukumbu, sentensi hiyo ikaondolewa kwa kuwa haihusiki na ajenda. Uamuzi ukabaki kama ulivyokuwa: mwanachuo hajakamilisha mazoezi ya kufundisha, anaweza kurudia mwaka unaofuata kwa gharama zake.

Kumburu alikuja dirishani Jumatatu. Nilimwamkia, akaitikia, na nikaona amenisoma usoni kabla sijafungua mdomo.

"Sema tu, shemeji. Usinipikie maneno."

Nikamwambia.

Nje vijana walikuwa wanapiga picha za kuhitimu, wanapokezana joho moja.

"Kwa hiyo ningegonga kengele," akasema.

"Ungegonga."

"Nani angekuja?"

Nikamwambia mwaka kesho siyo mbali, atarudi, mambo ni yaleyale, somo moja tu la kuonwa. Akasema mwaka kesho mtoto wa pili anaingia sekondari na kahawa ndiyo hiyo tunayoiona. Akaomba vyeti vyake halisi. Nikampa. Akavipanga taratibu, cha nne, cha sita, shahada, akavitia kwenye mfuko wa plastiki wa mbolea aliokuja nao. Nilisubiri anitanie. Hata kuhusu kuku tu. Akasema, "Asante mama," akaenda.

Ile sekondari ya Ngumbo ilimchukua hivyohivyo bila cheti, maana wazazi walimtaka. Alifundisha huko misimu kadhaa, analala chumba cha mkuu wa shule, anakula dagaa na muhogo. Kisha wakaja wakaguzi wa elimu na agizo kwamba asiye na cheti cha ualimu asisimame darasani. Hawakukosea, ndivyo agizo lilivyosema. Mkuu wa shule alituandikia akiomba tumpatie mhitimu mwingine wa sayansi. Hatukuwa na anayetaka kwenda. Wote waliotoka kwetu na vyeti walitaka Songea, au Iringa, au popote penye umeme. Barua ya kujibu niliipiga taipu mimi, na nikaipiga vizuri, haina kosa hata moja.

Kumburu akarudi Mpepai. Nimekutana naye sokoni mara nyingi tangu hapo, mara ana mahindi, mara hana kitu, amesimama tu. Ananiamkia kwa heshima kamili, anaulizia afya ya mume wangu, anaulizia kazi. Shemeji haniiti tena, ananiita mama wa chuo. Mtu aliyewahi kukuambia mbele za watu kwamba ugali wako unaweza kuezekea nyumba, akianza kukuheshimu, ujue umempoteza. Nimejaribu mimi kumchokoza, nikamwambia hiyo mvi umeipaka chokaa. Akatabasamu kidogo, akasema, "Ni kweli mama."

Nyie wadogo zangu mtakutana na kesi za namna hii. Masharti mtayakuta ukutani, na mengi ni mazuri. Yametukinga na watu wa kutazama dari, yamewakinga watoto wa watu na walimu wa kubahatisha. Sisemi myavunje. Mwenye shahada isiyo na somo la pili mwambieni mapema, msimwache akodishe chumba. Vyeti halisi rudisheni mkononi kwa mwenyewe. Ratiba za wa ziwani pangeni safari mbili, na kabla hamjapanga muulizeni mtu aliyewahi kushuka, msiulize macho yenu. Hilo la ratiba nililiomba kwa maandishi miaka ile, likakubaliwa, linatumika mpaka leo. Kwa Kumburu lilikuwa limechelewa.

Tangu nistaafu nashinda nyumbani, mahali ambapo siku zote nilitaka kushinda, na nimegundua kwamba mchana wa nyumbani ni mrefu. Jirani yangu Mama Ndimbo huja tunachambua maharage pamoja. Yeye shule aliishia darasa la saba, na hana adabu ya kuficha neno. Juzi nikamsimulia habari hii yote, tangu kuposa mpaka mfuko wa mbolea. Nilimsimulia kwa namna ya kujitetea, nakiri, nikamweleza kamati ilikuwaje, watahini walikuwaje, fomu ilikuwaje, kwamba hakuna mtu hata mmoja pale aliyekuwa mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, anapepeta ungo wake, hanitazami. Halafu akaweka ungo chini, akasema:

"Yaani mtu kaenda kuzika, nyie mkasema hajui kazi. Basi siku yako ikifika, Mama Kapinga, tutaita chuo kizima kije na vyeti vyake, tuone nani ataingia shimoni."